Kasri la Lord Egerton: watu waingie, maji yasiingie

Mjadala kuhusu kasri la Lord Maurice Egerton, mlowezi Mwingereza, pale Ngata, nje kidogo ya mji wa Nakuru, huwa na pande mbili. Kuna wanaotaka milango ifunguliwe zaidi kwa harusi, mikutano, picha na ziara za shule. Kuna wanaotaka jengo lipumzishwe kabla halijachakaa. Kila upande una hoja, ila zote mbili huchelewa kufika kwenye paa.

Kasri ni mali ya Chuo Kikuu cha Egerton. Lilijengwa kati ya 1938 na 1954, Vita vya Pili vya Dunia vikichelewesha kazi, na lina vyumba 52. Wageni hupenda kisa cha mchumba aliyemkataa mwenye nyumba. Kwa chuo, lenye uzito ni jingine: mwaka wa 1939 Maurice Egerton alitoa ekari 740 kwa shule ya kilimo kule Njoro. Ilianza kwa walowezi wa kizungu, baadaye ikapokea watu wa rangi zote, na 1987 ikawa chuo kikuu kamili.

Ndiyo maana wapo wanaouliza kwa nini fedha za umma zikarabati nyumba ya mlowezi ilhali wanafunzi wanahitaji hosteli na maabara. Swali hilo ni la haki. Lakini kufunga jengo hakuokoi hata shilingi. Nyumba isiyofunguliwa madirisha hushika unyevu, mbao huoza, na tundu ambalo lingezibwa kwa saa moja hugunduliwa dari likishaanguka.

Hesabu ya maji ni rahisi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 40 juu ya paa la mita 100 za mraba huleta lita 4,000. Gata ikizibwa na majani, maji hayo hushuka ukutani. Mawe ya volkano ya ukanda wa Nakuru yana vinyweleo vingi, hivyo huyanywa. Hapo ndipo fundi mwenye nia njema huharibu: hupiga plasta ya simiti juu ya ukuta wenye unyevu. Simiti ni ngumu kuliko jiwe na haipumui. Unyevu hunaswa nyuma yake, chumvi hukusanyika, na uso wa jiwe humomonyoka vipande vipande.

Viungo vya mawe ya zamani hujazwa kwa chokaa: kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga safi. Kwanza kwangua kiungo kwa kina kisichopungua mara mbili ya upana wake, ondoa vumbi, lowanisha, jaza kwa tabaka, kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Januari na Februari hufaa kwa kuwa mvua ni haba, mradi jua kali lizuiwe. Chokaa ikikauka upesi hupasuka.

Wanaoogopa umati nao wana haki. Visigino vyembamba hutoboa sakafu ya mbao, misumari ya mapambo hulegeza viungo, na mvuke wa mapishi hupanda hadi kwenye mbao za dari. Ila madhara haya huzuilika kwa masharti: sherehe na mahema nje kwenye nyasi, jiko na jenereta mbali na ukuta, na ndani vikundi vidogo vyenye mwongozaji.

Kwa hiyo nasimama na wanaotaka lifunguliwe, kwa sharti moja ambalo nisingelilegeza: mapato ya lango na sherehe yawe na akaunti yake, na matumizi ya kwanza yawe paa, gata na mitaro kabla ya rangi wala samani. Ukaguzi ufanywe Machi, kabla ya masika, na tena baada ya mvua kubwa ya kwanza, mtu akipanda juu na tochi badala ya kutazama akiwa uani.