Kitambulisho Kiko Ukutani

Asubuhi hii, hata uso sijanawa, simu imelia. Nikajua kuna habari ya maana. Kumbe ni ile hoteli. "Mpendwa mgeni, ukaaji wako ulikuwaje? Tupe nyota." Huu ni ujumbe wa nne, na tumerudi juzi tu. Daktari aliyenipasua tumbo hajawahi kuniuliza hata siku moja kama nilifurahia. Hawa niliolala kwao siku mbili wananifuata utadhani niliondoka na godoro.

Nimefungua. Wanataka nyota, moja hadi tano, halafu kuna kisanduku cha maelezo: herufi 300, nafasi zikihesabiwa. Herufi 300! Mimi kwa kiyoyozi peke yake nahitaji daftari la kurasa mia. Kwa hiyo wenzangu mnivumilie, yatamwagikia hapa.

Tena hizo nyota zenyewe. Msidhani kuna baraza la dunia linalokaa mezani na kugawa nyota za hoteli. Halipo. Kila nchi na mzani wake. Nchi kadhaa za Ulaya ziliungana mwaka 2009 ili angalau wao kwa wao wapime kwa rula moja, lakini kwingine unakwenda na bahati yako. Na hata huko kinachopimwa zaidi ni kuwepo kwa vitu: lifti ipo? Ipo. Mapokezi yapo saa 24? Yapo. Hakuna anayeuliza kama hiyo lifti itakubali kukupandisha. Tutafika huko. Ile Burj Al Arab ya Dubai kila mtu anaiita ya nyota 7, lakini rasmi zinaishia 5. Mbili za juu ni za midomo ya watu.

Basi. Tulitaka kupumzika. Usiku mbili tu, mimi na Mama Shani, mji ambao hatuna ndugu wa kumsalimia wala msiba wa kwenda kuzika. Kuchagua hoteli kulituchukua wiki tatu. Wiki tatu kutafuta mahali pa kulala mara mbili! Nyumba ninayoishi niliichagua kwa dakika ishirini, na mvua ilikuwa inanyesha.

Unajua wanavyokutia presha. Unagusa picha ya chumba, maandishi mekundu yanatokea: "Kimebaki chumba 1 tu! Watu 17 wanakiangalia sasa hivi!" Moyo unakwenda mbio. Nikamwita mke wangu, "Njoo upesi, watu kumi na saba wanataka kutunyang'anya chumba!" Akasema hata yeye kwenye simu yake anawaona, tena wamefika kumi na wanane. Hatukulala. Siku ya pili ndipo nikang'amua kwamba wawili kati ya hao kumi na wanane tulikuwa sisi wenyewe, kila mtu na simu yake kitandani, tunatishana.

Halafu maoni ya wageni. Mmoja kaandika: "Pametulia, nimelala kama mtoto." Wa pili, wiki ileile, hoteli ileile: "Kelele mpaka alfajiri, sirudi tena." Nimekuja kuelewa kwamba wote wawili ni wakweli, mmoja alipewa chumba cha uani, mwingine cha barabarani, na anayegawa ni mapokezi na roho yake siku hiyo. Huko alama ni moja hadi kumi, na kuna aliyetoa moja kwa sababu mvua ilinyesha. Nasaha yangu, na hii ni ya bure: waliotoa kumi waache, waliotoa moja waache, soma waliotoa sita na saba. Hao ndio watu wazima. Mtu wa sita na nusu hana hasira wala hana mjomba pale hotelini.

Picha nazo, ah. Zile hupigwa kwa lenzi pana, mpiga picha kajibanza kwenye kona akiwa amekumbatia pazia. Bwawa tuliloliona kwenye simu lilikuwa na upeo wa macho. Tulipofika, ni bwawa la mtu kupiga mbizi akagonga kichwa ng'ambo kabla miguu haijalowa. Na ile bei nafuu tuliyoichukua ni ya "bila kurudishiwa". Maana yake hata ukifa njiani pesa haitoki. Marehemu anaandikwa mgeni ambaye hakufika.

Tukafika saa nne asubuhi. Chumba saa tisa. Tukakaa kwenye sofa za mapokezi na mabegi yetu kama watu waliofukuzwa kwao. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii nitakuwa mtu wa heshima zake, mtu anayesema "hakuna shida" na kutabasamu. Heshima hiyo ilidumu mpaka saa mbili usiku wa siku ileile, kiyoyozi kilipoanza kudondosha maji upande wangu wa kitanda. To. To. To. Nikashuka nikalalamika kwa upole. Wakaandika. Wakaniletea ndoo.

Sasa jioni ya pili. Hapo ndipo yalipo mambo.

Kwanza niseme, kupanga jioni za ugenini ni kazi ngumu kuliko kupanga mchana. Makumbusho yana siku yake ya kuchelewa kufunga, na siku hiyo si siku uliyokuja. Hata Louvre, Paris, pamoja na ukubwa wake wote, Jumanne hawafungui. Kuna watu wanakata tiketi za ndege, wanavuka bahari, wanatua Jumanne. Mama Shani alitaka mchezo wa jukwaani, tiketi zikawa zimekwisha. Mnara wa kuangalia mji ulikuwa umefunikwa ukungu. Wanauza tiketi vilevile, unapanda kuangalia ukungu kwa karibu. Kulikuwa na matembezi ya usiku "ya bure", yale ambayo mwongozaji mwishoni anavua kofia na kukuangalia machoni.

Mvua ikatufungia ndani mchana kutwa. Jioni ikakata, na yamebaki maonyesho ya taa kando ya maji. Mwenzangu akasema miguu yake bado ina kumbukumbu ya jana, pale hoteli ilipoandika "dakika tano kwa miguu hadi katikati ya mji", bila kusema miguu ya nani. Akabaki. Nikaenda peke yangu.

Hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu kila hatua niliyochukua ilikuwa ya mtu mwenye akili. Tulipewa kadi moja tu ya mlango. Kadi hiyohiyo ndiyo unayoichomeka kwenye kile kijisanduku cha ukutani ili umeme uwake. Nikiondoka nayo, mke wangu anabaki gizani, na simu yangu iliyozimika haichajiki. Nikakumbuka ujanja wa wasafiri: vijisanduku vingi havijui kadi ipi ni ipi, vinataka kitu chembamba tu. Nikachomoa kadi ya mlango, nikachomeka kitambulisho changu cha taifa. Taa zikawaka. Nikajisifu kwa sauti. Nikampa mama nasaha ya mwisho: "Simu ya chumbani ikilia, kuwa macho. Siku hizi matapeli wanapiga usiku, wanajifanya mapokezi, mara mfumo umegoma, mara tupe namba za kadi ya benki. Wewe kata tu." Akasema, "Sawa, Baba Shani."

Maonyesho ya taa nisiyaongelee. Ni kama yale ya Hong Kong, yanaanza saa mbili kamili usiku na baada ya dakika kama kumi yamekwisha. Nilifika saa mbili na dakika tisa. Niliona mwale mmoja wa kijani, watu wakapiga makofi, wakatawanyika.

Nikarudi. Lifti inataka kadi ndipo ikubali kupanda. Nikaweka kadi: taa nyekundu. Nikaifuta kwenye shati. Nyekundu. Nikaigeuza, nikaipuliza. Sikujua wakati ule, lakini kadi hizi hupangiwa siku na saa ya kufa, na yule aliyetupokea aliiandikia usiku mmoja badala ya miwili. Ilikuwa marehemu tangu saa tano asubuhi, nami natembea na maiti mfukoni.

Akaingia kijana, akaweka kadi yake, ghorofa ya tisa. Nami nakaa ya saba. Nikapiga hesabu: nitashuka naye tisa, nichukue ngazi za dharura, nishuke mbili. Hesabu safi. Nikaingia kwenye ngazi, mlango ukajifunga nyuma yangu, ka! Nikashuka hadi saba. Mlango hauna kitasa kwa upande wa ngazi. Nikarudi tisa: hauna. Nikasoma kibao: njia hii ni ya kutokea, unafungukia chini. Nikashuka ghorofa zote hizo nikihesabu ngazi kama mfungwa, nikasukuma mlango wa mwisho, nikajikuta nje, nyuma ya hoteli, katikati ya mapipa ya taka na paka mmoja aliyeniangalia kwa dharau.

Nikazunguka hadi mbele. Mlinzi akanisimamisha. "Mzee, unakaa hapa?" Ndiyo. "Kadi?" Nikampa. Akaijaribu kwenye mashine. Nyekundu. "Kitambulisho?"

Kitambulisho, ndugu zangu, kiko ukutani.

Akanipeleka mapokezi, mkono wake uko karibu na kiwiko changu, haujakigusa lakini uko karibu. Pale kuna binti wa zamu ya usiku, hanijui simjui. Mpole sana. Upole ule wa mtu asiyekusudia kukusaidia.

"Shikamoo baba. Kitambulisho tafadhali, nikutengenezee kadi nyingine."

"Marahaba. Kiko chumbani."

"Bila kitambulisho siwezi kutoa kadi."

"Na bila kadi siwezi kwenda kukichukua."

"Pole sana, baba."

Kimya. Akaniuliza namba ya simu ya mke wangu. Sijui. Miaka kumi na tisa ya ndoa, anayeijua namba ya mke wangu ni simu yangu, nayo iko chumbani, imezimwa, inanyonya umeme kwa hisani ya kitambulisho changu. Akasema atapiga simu ya chumbani. Nikahisi kijasho.

"Habari za usiku, mama, hapa ni mapokezi..." Akaitoa simu sikioni, akaitazama. "Amesema mumewe amemwonya kuhusu sisi. Amekata."

Nikaomba nizungumze mwenyewe. Ikapigwa tena. Nikasema, kwa sauti yangu ile ya siku zote, "Mama Shani, ni mimi, niko hapa chini." Upande wa pili pakawa kimya kidogo. Halafu nikasikia, "Siku hizi mpaka sauti mnaiga? Mungu anawaona." Akakata. Mara ya tatu ikaita, ikaita, ikaita. Baadaye nilikuja kujua alikuwa amechomoa waya na kusukuma kiti mlangoni. Mwanamke shupavu. Nilimwoa kwa sababu hiyo.

Wageni walikuwa wanapita, wananitazama. Heshima yangu niliyoapia ilikuwa imebaki shati tu. Nikasema, binti, niulize chochote kuhusu chumba kile. Akauliza kuna nini. Nikataja: mito saba, pazia la rangi ya majivu, taulo limekunjwa umbo la bata maji. "Vyumba vyote vina bata maji, baba." Nikasema wetu shingo imeanguka. "Zote huanguka." Hapo ndipo nilipolipuka. Nikasema: "Mwanangu, mimi nalala chini ya kiyoyozi kinachovuja! Nimelala na ndoo kifuani! Nilikuja hapa jana saa mbili usiku nikawaambia bomba la maji limeziba, mkaniandika, fundi mpaka leo hajaonekana!"

Binti akaacha kuandika. Akageukia kompyuta, akashusha kidole kwenye kioo, mstari kwa mstari. Uso ukachanua.

"Aaa! Wewe ndiye wa kiyoyozi?"

"Ndiye mimi."

"Mbona hukusema mapema, baba?"

Kadi ikatoka hapohapo. Hata mlinzi akanipa mkono. Jina langu, sura yangu, ndoa yangu, vyote havikutosha. Kilichonitambulisha duniani ni lalamiko. Tangu leo mtu asiniambie ninalalamika sana. Zile ni nyaraka zangu.

Juu nilibisha hodi dakika kumi na tano, kwa sababu ya kiti.

Asubuhi tukaondoka kwa haraka, si mnajua saa tano ikifika wanavyokuita. Tuko nusu ya safari ndipo nikajipapasa mfuko wa shati. Kitambulisho! Bado kinawasha taa za chumba kile, sijui cha nani sasa. Nikawaandikia siku ileile. Hawakujibu, wakanitumia "Tupe nyota." Nikaandika tena, "Tupe nyota." Leo ndiyo wamejibu, kwa adabu nyingi: kipo, wamekihifadhi vizuri, watakituma. Ila kwa usalama wangu, niambatishe nakala ya kitambulisho.

Na fundi wa kiyoyozi, eti kaenda jana.

Mama Shani yeye hana habari. Yuko pale kwenye kochi, miguu juu, anatafuta safari ya Desemba. Ameniita mara mbili niende nione bwawa. Anasema kimebaki chumba kimoja, na watu ishirini na watatu wanakiangalia. Ngoja niwashe simu yangu tuwe ishirini na wanne.