Wavuvi wa Kigoma wanajua samaki, Texas imenithibitishia

Kila nikikaa na Watanzania wenzangu hapa Dallas na mazungumzo yakafika kwenye uvuvi, hakosekani mmoja wa kusema: "Huku watu wana akili bwana, mtu anavua samaki kumi anaondoka. Sisi kwetu tunakomba mpaka mayai." Nimekuwa nikinyamaza. Leo nasema, maana nimekulia Kibirizi, Kigoma, na mwaka wa tisa huu navua Ziwa Texoma, mpakani mwa Texas na Oklahoma. Maneno hayo yanawaonea wavuvi wetu.

Samaki tunayemfuata Texoma ni striped bass. Huku wanamwita straipa. Ana rangi ya fedha na mistari myeusi saba au minane ubavuni, imenyooka kama iliyopigwa kwa rula. Kwao hasa ni Bahari ya Atlantiki, na mtoni hupanda kwenda kutaga. Mabwawa ya Santee Cooper kule South Carolina yalipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1940, baadhi yao walibaki upande wa juu, na ikaja kugundulika kwamba wanazaana humohumo bila kuiona bahari. Texoma ni ziwa lililotokana na bwawa la Denison, lililokamilika 1944, na straipa walianza kupandikizwa humo 1965. Sasa wanazaana wenyewe. Maziwa mengi ya huku hayana bahati hiyo, inabidi vifaranga vimwagwe kila mara, kwa sababu yai la straipa linahitaji kuelea kwenye mkondo kama siku mbili hivi ndipo lianguliwe. Likitua kwenye tope limekufa. Mto Red na Mto Washita ni mirefu ya kutosha kulibeba.

Habari ya samaki kuhamishwa si ngeni kwetu. Dagaa wa Tanganyika walipelekwa Ziwa Kivu, ambako leo wanaitwa sambaza, na mwaka 1967 na 1968 wakapelekwa Ziwa Kariba.

Siku ya kwanza nilipomwona straipa akiwinda nilisema moyoni: huyu ni mgebuka, yule samaki wa Ziwa Tanganyika anayewinda dagaa. Anazunguka katikati ya ziwa kwa makundi, akiwafukuza samaki wadogo wanaoitwa shedi, ambao ni jamii moja na dagaa wetu. Baba mdogo alinifundisha kutazama maji "yanayochemka", pale migebuka wanapowasukuma dagaa juu. Texoma ni vilevile, na wakati wa baridi shakwe wanakusaidia: ukiwaona wanajitupa majini mahali pamoja, straipa yupo chini. Ila usiliendeshee kundi boti juu yake. Zima injini mbali, acha upepo ukusogeze, rusha pembeni ya kundi. Wenye vipima kina vya bei kubwa wanakosea hapo kila wikendi, wanaingia katikati kwa kasi na kundi linazama.

Chambo bora ni shedi hai, nao wanakamatwa alfajiri kwa kimia. Hapa ndipo kazi ilipo. Shedi ni mwepesi mno kufa. Ukimweka kwenye tangi lenye pembe, wanasongamana kwenye kona na kukosa hewa; tangi liwe la mviringo, maji yake yawe yanazunguka na kupuliziwa hewa. Watazame pua. Pua ikianza kuwa nyekundu, shedi huyo amechoka, na straipa hamtaki. Mwenye afya mpitishe ndoana puani, kidogo tu, aendelee kuogelea. Tumia ile ndoana iliyopinda kama duara, halafu zuia mkono wako: usikwanyue. Acha ufito upinde wenyewe mpaka karibu na maji ndipo uanze kukunja mshipi. Mimi nilipoteza samaki msimu mzima kwa mazoea ya kukwanyua kama tulivyozoea nyumbani.

Sasa sheria. Texoma unaruhusiwa samaki 10 kwa siku, na kati yao wawili tu ndio wanaoweza kufika inchi 20, yaani kama sentimita 51, au kuzidi. Ukishamweka kwenye tangi lako amehesabiwa, humbadilishi na mkubwa zaidi. Naipenda sheria hii, na mwezi wa saba utaiona maana yake. Joto likipanda, maji ya chini yanaishiwa oksijeni na ya juu yanakuwa moto, straipa anabanwa katikati. Ukimtoa huko ukampiga picha ukamrudisha, mara nyingi anakwenda kufa. Wapo wanaorudisha thelathini kwa siku ya kiangazi na kujiona wahifadhi. Hapana. Kiangazi vua wa kula, uache.

Lakini kumi wangu wananitosha kwa sababu Jumatatu naendesha lori. Samaki kwangu ni kitoweo na furaha. Kwa mtu wa kipe, boti ya kuvulia dagaa usiku kwa taa, kule Kibirizi, samaki ndio ada, kodi ya nyumba na dawa. Na tusiseme hawajui kupumzisha ziwa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti dagaa, vipe vinakaa ufukweni, nyavu zinashonwa. Mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, Ziwa Tanganyika lilifungwa miezi mitatu. Nilipiga simu nyumbani wiki ya pili. Shangazi, anayeanika dagaa, hakulalamikia kufungwa kwenyewe. Aliniambia hata yeye ameona dagaa wanapungua. Alichouliza ni watakula nini mpaka Agosti. Nilimtumia nilichokuwa nacho, na majirani zake wengi hawakuwa na mtu wa kuwatumia.

Kinachostahili kuigwa Marekani ni mpango wa fedha. Tangu 1950 kuna sheria ya taifa inayotoza kodi kwenye vifaa vya kuvulia, vingi kwa asilimia 10, na fedha hizo zinapelekwa majimboni kwa ajili ya samaki. Ndoana ninayonunua inalipia ziwa, na leseni yangu pia. Ningetamani kuona ushuru unaokusanywa kwenye mialo yetu ukiwekwa kwenye mfuko mmoja ulio wazi, msimu wa kufunga ukifika mfuko huo uwalipe wenye vipe, wavuvi wao na akina mama waanikaji. Hapo ndipo tuwadai wavuvi wavumilie.

Mwezi wa nne, maji yakifika nyuzi 16 au 17, straipa wataanza kupanda Mto Washita kutaga, nami nitakuwepo. Ndugu anayetaka kuja achukue mapema ile leseni maalumu ya Texoma, inakubalika pande zote mbili za mpaka. Na kisu kiwe kikali: ile nyama nyekundu ya ubavuni ikatwe yote kabla ya kukaanga, ndiyo inayoleta shombo.