Chemba au gama: nani ahesabu mipasuko ya kinu kidogo?

Kinu cha nyuklia cha CROCUS, kilichopo EPFL, chuo kikuu cha teknolojia mjini Lausanne, Uswisi, kina kikomo cha wati 100. Pasi ya umeme hula mara kumi ya hapo. Lakini wati moja tu ni mipasuko ya viini bilioni 31 hivi kila sekunde. Mipasuko si haba; kazi ni kujua imetokea mingapi, na katika fimbo ipi ya fueli. Kipimajoto hakifai, maana maji ya kinu hayapati joto la maana.

Wengi hukimbilia chemba ya mpasuko: kikopo cha gesi kilichopakwa utando wa urani kwa ndani. Nyutroni ikipasua kiini, kipande kimoja hurukia kwenye gesi na kutoa pigo kubwa la umeme. Urani hiyohiyo hutoa chembe za alfa za MeV 4 hadi 5 (MeV ni kipimo cha nishati; keV ni sehemu yake ya elfu), kwa hiyo kizingiti, yaani kimo ambacho pigo lisilokifika halihesabiwi, huwekwa juu ya mapigo yake. Utando ukiwa mnene mambo huharibika: vipande hupenya mikromita chache tu, hivyo vingine hutoka vimechoka na mapigo yake hayafiki kizingiti. Ukikishusha, unazoa alfa. Faida ni jibu la papo hapo. Ila umepima urani ya chemba, si ya fimbo, na kikopo kimeondoa maji mahali pale pale unapopima.

Njia ya gama, yaani miale inayotolewa na mabaki ya mipasuko, husoma fimbo yenyewe. Unaendesha kinu saa moja kwa nguvu isiyobadilika, unatoa fimbo, kisha unaipitisha mbele ya mwanya wa madini ya risasi wenye kigunduzi cha gerimani nyuma yake. Mstari (gama za nishati moja maalumu) unaopendwa ni keV 1596 wa lanthani-140, zao la mipasuko. Usiwe na haraka: lanthani huzaliwa na bari-140 na hufika kileleni baada ya siku tano na nusu hivi. Mstari wa keV 293 wa seri-143 huja mapema zaidi, lakini urani huumeza, kwa hiyo husimulia zaidi habari za ukingo wa kidonge cha fueli ndani ya fimbo.

Kwa ramani ya fimbo hadi fimbo, gama inashinda bila ubishi. Kwa idadi kamili, afadhali zote mbili. Zikipishana kwa asilimia 3, pa kuanzia ni uzito wa utando. Wengi huupata kwa kuhesabu alfa, wakisahau kwamba katika urani iliyorutubishwa (iliyoongezwa sehemu ya urani-235) alfa nyingi ni za urani-234, ilhali inayopasuka ni 235.