Mcheza kwao hutunzwa, lakini fainali ichezwe kwa nani?

Tarehe 19 Machi 2017, mjini Greenville, jimbo la South Carolina, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Duke ilikwenda mapumziko ikiongoza kwa pointi 30 kwa 23. Duke walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana kuutwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mwaka ule. Kipindi cha pili ukumbi ukawaka moto. Wapinzani wao, Chuo Kikuu cha South Carolina, ambacho hakikuwa na jina kubwa katika mchezo huo, walifunga pointi 65 ndani ya dakika 20 na kuwatoa Duke kwa 88 kwa 81. Kutoka hapo waliendelea mpaka hatua ya timu nne za mwisho, mara ya kwanza katika historia ya chuo chao.

Mchezo ule haukupangwa kuchezwa Greenville. Ulipangiwa Greensboro, North Carolina, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Duke. Septemba 2016 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kiliondoa mashindano saba katika jimbo la North Carolina kupinga sheria iliyojulikana kama HB2, iliyowataka watu watumie vyoo vya majengo ya umma kwa kufuata jinsia iliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, jambo lililowabana waliobadili jinsia. Mechi zikavuka mpaka wa jimbo. Duke wakajikuta ugenini, na waliokuwa wageni wakawa wenyeji. Jukwaani walikuwapo pia mashabiki wa Chuo Kikuu cha North Carolina, watani wa jadi wa Duke, ambao timu yao ilicheza ukumbi huohuo siku hiyohiyo. Hao nao hawakukaa kimya.

Je, Duke waliponzwa na Greenville? Siwezi kusema hivyo kwa uhakika, maana North Carolina nao walipoteza uenyeji wa jimbo lao, wakacheza hapohapo, wakashinda, na mwisho wakautwaa ubingwa. Ila kisa hiki kinatosha kunizuia nisikubali hoja kwamba kuchagua mji wa fainali ni suala la vitanda vya hoteli na ukubwa wa uwanja. Ni uamuzi wa kimichezo, na una watu wanaoulipia.

Mabishano makubwa yapo kwenye futiboli ya Kimarekani, ambako fedha ni nyingi zaidi. Kuna wanaosema fainali ichezwe kwenye uwanja wa chuo kilichofanya vizuri zaidi msimu mzima. Aliyetoka jasho miezi mitatu apate malipo yake: wanafunzi wake, bendi yake, hali ya hewa aliyoizoea. Shirikisho la vyuo vya magharibi, Pac-12, lilijaribu utaratibu huo kwa fainali zake za 2011 hadi 2013, kisha likahamia Santa Clara, California, kwenye uwanja wa timu ya kulipwa. Mashindano ya taifa nayo yalipopanuliwa kuwa na timu 12, raundi ya kwanza ya Desemba 2024 ilichezwa vyuoni. Notre Dame, Penn State, Texas na Ohio State walikuwa wenyeji, na wote wanne walishinda, kila mmoja kwa tofauti ya pointi 10 au zaidi.

Kwa wapinzani wa utaratibu huo, matokeo hayo ndiyo ushahidi wenyewe: mkipeleka fainali nyumbani kwa mmoja, mmeshaigawa kabla ya filimbi. Kwangu mimi mechi nne ni chache mno kutolea hukumu, hasa kwa kuwa wenyeji ndio waliopangwa juu ya wageni wao tangu mwanzo. Lakini kuna jambo jingine ambalo watetezi wa viwanja vya vyuo hulipita haraka. Mwenyeji anajulikana siku chache tu kabla ya mchezo. Miji mingi ya vyuo ni midogo. Vyumba vya hoteli vinakwisha siku ya kwanza, na shabiki wa timu ngeni analala mji wa tatu kutoka hapo, kama amepata tiketi. Haki ya mwenyeji inaonekana wazi kwenye televisheni. Mzigo wa mgeni hauonekani.

Na je, ni kweli kwamba mcheza kwao hutunzwa? Tuwatazame Chuo Kikuu cha Georgia. Chuo chao kipo mji wa Athens, jimbo la Georgia, kilomita kama 110 kutoka Atlanta, na fainali ya shirikisho lao, SEC, imekuwa ikichezwa Atlanta tangu 1994. Kwenye karatasi hakuna timu yenye bahati kama hiyo. Lakini walikutana na Alabama mjini humo katika fainali ya shirikisho mwaka 2012 wakafungwa. Januari 2018 wakakutana nao tena Atlanta, safari hii kwenye fainali ya taifa, wakafungwa 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza. Desemba mwaka huohuo wakafungwa, 2021 wakafungwa, 2023 wakafungwa. Katika miaka hiyo, walipowashinda Alabama, walishindia Indianapolis, Januari 2022, mamia ya kilomita kutoka nyumbani: Georgia 33, Alabama 18, wiki chache tu baada ya kupigwa Atlanta na timu ileile. Anayedhani mji peke yake unatoa ubingwa awaulize watu wa Athens.

Ndiyo maana hofu ya timu kucheza karibu na kwao hainitishi sana kama fainali inayochezwa mbali na kila mtu. Novemba 2015 waandaaji wa fainali ya taifa walitangaza kwamba ile ya Januari 2019 itachezwa Santa Clara. Wakati ule hakuna aliyejua nani atafika. Wakafika Clemson na Alabama, vyuo viwili vya kusini mashariki, kila kimoja kikiwa zaidi ya kilomita 3,000 kutoka uwanjani. Bei ya tiketi kwa wanaouziana mitaani na mitandaoni ikaporomoka, na mashabiki wengi wakabaki kuangalia sebuleni. Clemson walishinda 44 kwa 16, wakicheza mpira wa hali ya juu kabisa. Waliostahili kuuona kwa macho, vijana wanaokaa nao darasani, wengi wao hawakuwa na nauli. Mwaka uliofuata bahati ikageuka: fainali ilikuwa New Orleans na LSU, yaani Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, ambao chuo chao kipo Baton Rouge, mwendo mfupi tu kwa barabara, walifika na kuujaza mji. Hakuna aliyewapendelea LSU wala kuwaonea Clemson. Ni ratiba iliyoandikwa zaidi ya miaka mitatu kabla ya mechi.

Kwa nini mapema hivyo? Kwa sababu zabuni ni ndefu. Mji unaotaka fainali hiyo unatakiwa kuwa na uwanja wa viti visivyopungua 65,000, maelfu ya vyumba vya hoteli, kumbi za mikutano na kamati yenye fedha. Miji hushindana kwa imani kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Imani hiyo ina ukweli kwa mwenye hoteli. Kwa mji mzima mambo ni tofauti: wachumi Robert Baade na Victor Matheson walichunguza miji iliyoandaa fainali za mpira wa kikapu za vyuo, na faida waliyoikuta haikukaribia ile inayotangazwa kwenye zabuni. Mgeni wa mpira humfukuza mgeni wa mkutano, mkazi hukwepa katikati ya mji wiki nzima, na sehemu ya bei ya chumba huenda makao makuu ya kampuni yaliyo jimbo jingine. Kwa hiyo hoja ya kuzungusha fainali ili "kila mji upate" mimi naipa uzito mdogo. Kinachopatikana hakitoshi kuhalalisha kumsafirisha mwanafunzi nusu ya bara.

Omaha ni habari nyingine, na hapa sifichi mapenzi yangu. Fainali za besiboli za wanaume wa vyuo zilianzia Kalamazoo, Michigan, mwaka 1947, zikapita Wichita, Kansas, mwaka 1949, na mwaka 1950 zikatua Omaha, Nebraska. Hazijaondoka hadi leo. Mji huo hauna timu ya ligi kuu ya besiboli. Mashindano haya ndiyo besiboli yao kubwa. Walicheza uwanja wa Rosenblatt mpaka 2010, kisha mji ukajenga uwanja mpya wa watu 24,000 kwa dola milioni 131 baada ya kupata mkataba unaofika 2035. Watu wa Omaha hununua tiketi kabla hawajajua nani anacheza. Kila Juni wanachagua timu ya kuishangilia, mara nyingi ile nyonge, na mchezaji aliyetoka mbali anapigiwa makofi kama mtoto wa jirani. Kijana wa besiboli hasemi anataka kufika fainali. Anasema anataka kwenda Omaha.

Uzuri mwingine wa mji wa kudumu ni kwamba watu hujipanga. Mfano mzuri ni North Dakota State, chuo cha Fargo, karibu na mpaka wa Kanada. Fainali ya futiboli ya daraja lao ilichezwa kwa miaka mingi Frisco, Texas, mbali sana nao, lakini kwa kuwa mahali palijulikana, mashabiki wao walikuwa wakipanga likizo ya Januari mapema na kujaa kule mwaka baada ya mwaka. Umbali unaoujua unaweza kuuwekea akiba.

Basi tuseme kila fainali iwe na Omaha yake? Wasikilize wanaofuatilia softiboli ya wanawake, mchezo wa jamii ya besiboli. Fainali zao zipo Oklahoma City tangu 1990, isipokuwa mwaka mmoja tu. Mashabiki ni wengi, uwanja umepanuliwa, mji unaupenda mchezo kwa dhati. Lakini Chuo Kikuu cha Oklahoma kipo Norman, kilomita kama 30 tu kutoka hapo, na timu hiyo ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024. Anayetoka California anapanda ndege kwenda kucheza "uwanja usio na upande" ambao jukwaa lake zima limevaa rangi ya mpinzani. Nikilinganisha na Omaha, tofauti naiona moja tu. Chuo cha Creighton, kilichopo Omaha kwenyewe, kimefika fainali hizo mara moja, mwaka 1991. Nebraska, kutoka Lincoln jirani, mara tatu. Omaha inasifiwa kwa haki yake kwa sababu majirani zake hawafiki. Mji hauna upande mpaka siku jirani anapokuwa bingwa.

Sisi Waafrika Mashariki tumewahi kufaidi upande huo bila kuuona. Edward Cheserek, kijana wa Marakwet nchini Kenya, alitwaa mataji 17 ya NCAA akiwa Chuo Kikuu cha Oregon. Mataji yake ya mita 5,000 na 10,000 ya 2015 na 2016 aliyapata kwenye uwanja wa Hayward, Eugene, ndani ya chuo chake mwenyewe, kwa kuwa mashindano ya riadha ya vyuo yalikuwa yamewekwa pale mwaka baada ya mwaka. Simpunguzii chochote, alishinda mbio za nyika Terre Haute na Louisville pia, ambako hakuwa na jukwaa lake. Lakini nilimshangilia Eugene bila kuwafikiria waliokimbia naye wakisikia jina moja tu likiimbwa.

Nirudi kwenye siasa, maana huko ndiko uamuzi unauma zaidi. Waliounga mkono NCAA na ACC, shirikisho la akina Duke, mwaka 2016 walikuwa na hoja nzito: chuo kinachoahidi kumlinda kila mwanafunzi hakiwezi kumpeleka mahali ambapo sheria inamkataa mlangoni. Na mwaka uliofuata, Machi 2017, jimbo lilirekebisha sheria hiyo baada ya kupoteza mengi. Waliopinga walisema adhabu imewaangukia wasiohusika. Fainali ya futiboli ya ACC ilitolewa Charlotte, ambako mwaka 2015 ilipata watu zaidi ya 70,000, ikapelekwa Orlando na kupata kama 50,000. Wachezaji hawakuitunga ile sheria.

Naegemea upande wa kwanza, ila kwa sharti. South Carolina yenyewe, iliyopokea mechi za Duke, ilinyimwa mashindano ya NCAA yanayopangiwa mji mapema tangu 2001 kwa sababu ya bendera ya Shirikisho la Kusini, yaani ya majimbo yaliyojitenga kutetea utumwa, iliyopepea kwenye viwanja vya bunge la jimbo. Miaka 14 ilipita. Bendera ilishushwa Julai 2015 baada ya waumini tisa kuuawa kanisani Charleston, na hapo ndipo jimbo lilipofunguliwa mlango. Kunyimwa mechi peke yake hakukuishusha. Kwa hiyo sharti la haki liandikwe ndani ya zabuni, kila mji ulijue kabla ya kuomba. Kuhamisha mechi miezi sita kabla kunamshtua mbunge kidogo na mwanafunzi sana.

Na sharti jingine ningeliandika ukurasa huohuo. Fainali ya kwanza ya mfumo wa futiboli uliokuwa mpya wakati ule, Januari 2015, ilikuwa Arlington, Texas, kati ya Ohio State na Oregon. Wazazi walilalamika kwamba watoto wao wanajaza uwanja lakini wao hawana nauli, na NCAA ikaruhusu walipiwe safari, hadi dola 1,250 kwa mzazi mmoja. Ruhusa hiyo ilitoka siku chache tu kabla ya mchezo. Mji unaoomba fainali ukiambiwa tangu mwanzo kwamba nauli na chumba cha mzazi wa kila mchezaji ni gharama ya mwenyeji, kama vile taa na walinzi, nadhani hata wapanga ratiba wataanza kuitazama ramani kwa jicho jingine.