Nyumba ya mkulima wa Wales: kuihamisha ndiyo kuiokoa?

Katika makumbusho ya St Fagans, nje kidogo ya Cardiff, zimesimama nyumba za wakulima zilizotoka pande zote za Wales. Zilibomolewa kwao, zikasafirishwa vipande vipande, zikajengwa upya. Mwasisi wake, Iorwerth Peate, alifuata mfano wa Skansen, makumbusho ya wazi yenye majengo yaliyohamishwa kule Stockholm, Sweden, na milango ilifunguliwa mwaka 1948. Wanaoitetea kazi hii wana hoja nzito. Wanaoipinga nao wanayo, na mimi naiona hiyo ya pili inagusa kiini cha jambo zaidi.

Chukua Hendre'r-ywydd Uchaf, iliyotoka Llangynhafal, kaskazini-mashariki. Duara za ukuaji wa mti kwenye mbao zake zimeonyesha kuwa ni ya mwaka 1508. Paa linabebwa na jozi za mbao nene zilizopinda, zinazoanzia karibu na ardhi na kukutana juu kileleni. Kwa hiyo uzito haukalii kuta, na kuta zenyewe zikaweza kuwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo. Madirisha hayana vioo. Moto uliwashwa katikati ya sakafu; dohani haikuwepo, moshi ulijitafutia njia kwenye paa la mabua. Jengo kama hili likianza kuvuja halichelewi kuanguka. Anayesema lingeachwa kwao aseme pia nani angeliezeka.

Hoja hiyo naikubali. Ninachokataa ni hatua iliyofuata. Vizazi vilivyoishi humo viliibadilisha nyumba kadiri maisha yalivyobadilika, na wakati wa kuijenga upya mabadiliko hayo yaliondolewa ili irudi katika sura yake ya kwanza. Mgeni anaiona 1508 safi kabisa, lakini karne zote za watu waliokula, kuzaa na kuugulia humo zimefutwa.

Makumbusho hayohayo yamewahi kufanya vinginevyo. Cilewent, kutoka Radnorshire, ilianza karibu 1470 ikiwa ya mbao, ikapewa kuta za mawe mwaka 1734, na sura ya 1734 ndiyo inayoonyeshwa, huku mbao za kale zikiwa bado ndani. Ni nyumba ndefu: watu upande mmoja, ng'ombe upande wa pili, paa moja. Joto la mifugo lilisaidia usiku wa baridi, na mkulima hakuhitaji kutoka kwenye theluji ili kumwangalia ng'ombe anayezaa. Nyumba za aina hii kwa kawaida zilijengwa kufuata mteremko, zizi likiwa chini, ili mkojo na maji ya samadi yasielekee jikoni. Yaani kilima chenyewe kilikuwa sehemu ya ramani ya nyumba. Mawe yanapakiwa kwenye lori, kilima hakipakiki.

Njia nyingine ipo. Nyumba ya Llwyn Celyn, katika bonde la Llanthony huko Monmouthshire, ilijengwa 1420. Ilikuwa imechakaa vibaya shirika la Landmark Trust, linalookoa majengo ya kale na kuyapangisha kwa wageni wa likizo, lilipoichukua na kuikarabati palepale, ikafunguliwa 2018. Ukumbi wake wa zamani, uliokuwa wazi hadi paani, uliwekewa dari na dohani mwishoni mwa karne ya 17, na warekebishaji waliviacha. Karne mbili tofauti zinasomeka katika chumba kimoja, na dirishani kuna milima ileile aliyoiona mjenzi.

Wanaotetea kuhamisha watasema, kwa haki, kwamba sasa wanaolala humo ni wageni wa likizo wanaolipa, ilhali St Fagans huingii kwa kiingilio, hata mtoto wa shule ya Cardiff anaweza kuigusa nguzo ya 1508. Ni kweli, na ardhi ya Llwyn Celyn hailimwi tena na wanaolala humo. Hata hivyo kodi ya wageni hao ndiyo inayolipia matengenezo, na meko yanawashwa na watu wanaopika na kulala humo. Kwa nyumba ambayo msingi wake bado unashika, ningechagua hilo. Kuhamisha kubaki kwa ile ambayo mwenyewe ameshaamua kuibomoa, na hata hapo dohani ya mjukuu isitupwe ili kumpendeza babu.