Watu thelathini na saba chini ya mwarobaini

Jirani yangu fundi cherehani hana kadi ya chama chochote, na hilo analisema kwa kujidai. Uchaguzi wa serikali za mitaa ukikaribia, neno lake ni lile lile: "Mimi siasa zenu siziwezi. Siku ya kura nitakwenda, nitachagua mtu."

Shida ni kwamba huyo mtu huwa ameshachaguliwa. Kwa sheria za Tanzania, hata uenyekiti wa kitongoji hugombei bila kudhaminiwa na chama. Kwa hiyo swali la nani awe kwenye karatasi ya kura humalizwa kwenye tawi la chama, wiki kadhaa kabla fundi hajaoga na kwenda kupanga foleni.

Niliwahi kuhudhuria mkutano wa tawi wa kura za maoni, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea. Uliitishwa saa nane, ukaanza saa kumi. Viti vya plastiki vya kukodi, kivuli cha mwarobaini, na katibu anasoma majina kwenye daftari lililochakaa, mara mbili akaambiwa, "Huyo tulishamzika." Daftari lilikuwa na mamia ya majina. Waliofika walikuwa 37, na mshindi akapata kura 21. Mtaa wenyewe una maelfu ya watu. Kina mama wa kikoba kimoja tu, wakija wote na kauli moja, wangemweka wamtakaye.

Na nafasi yenyewe si ya kudharau. Barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti au kumdhamini kijana polisi, ugomvi wa mpaka wa kiwanja, kikundi kinachotaka mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, vyote huanzia kwenye ofisi ya mtaa. Ukiona anayeketi pale hafai, ujue kuna watu ishirini na ushei waliomtaka, na wengi waliokuwa na shughuli nyingine jioni ile.

Hapo ndipo ningependa kusema, basi, chukua kadi. Lakini fundi naye ana hoja, tena nzito kuliko anavyoieleza.

Anashona sare za wote. Wa kijani, yaani CCM, wanaleta vitambaa, wa magwanda, yaani Chadema, nao wanaleta. "Nikionekana na rangi moja," aliniambia, "nusu ya wateja nimewafukuza mwenyewe." Kwetu kadi haijawahi kuwa karatasi tu. Tumelelewa na balozi wa nyumba kumi, mfumo wa TANU wa miaka ya 1960, ambapo kiongozi wa chama ndiye aliyejua nani kalaza mgeni na nani hajaenda kwenye kazi ya kujitolea. Vyama vingi vilirudi 1992, lakini mazoea ya kumsoma mtu kwa kadi yake hayakuondoka na sheria ya zamani.

Halafu kuna jambo linalonikata maini mimi mwenyewe: thamani ya kura ya tawini inapofika juu. Mwaka 2020, katika kura za maoni za ubunge za CCM, mtaani ulizaliwa msemo "wajumbe si watu wazuri", kilio cha waliobwagwa. Ila kulikuwa na walioongoza kwa wajumbe na bado vikao vya juu vikampitisha mwingine. Upande wa pili ndiyo kabisa. Mwaka 2019, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, wengi kwa madai ya makosa ya kujaza fomu. Vyama vikuu vya upinzani vikajitoa, na CCM ikatwaa zaidi ya asilimia 99 ya viti. Novemba 2024 upinzani ulishiriki, malalamiko ya kuenguliwa yakarudi, na matokeo yakawa karibu yale yale. Mwanachama aliyekesha kumtafutia mgombea wake wadhamini ana haki ya kuuliza alikuwa anakesha kwa ajili gani.

Njia ya tatu, mgombea binafsi, imefungwa. Mchungaji Christopher Mtikila aliihangaikia kuanzia miaka ya 1990. Mahakama Kuu ilimpa ushindi mara mbili, Mahakama ya Rufani ikautengua mwaka 2010, na 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyopo hapa hapa nchini, Arusha, ikaamua kwamba zuio hilo linakiuka haki ya raia. Zuio bado lipo.

Mimi naegemea upande wa kuingia, lakini si kwa kila mtu wala kila tawi. Kabla ya kulipa ada ningeuliza jambo moja: mara ya mwisho tawi hili lilipoamua, uamuzi ulifika salama? Kama ulifika, watu kumi makini wanatosha kubadili mtaa. Kama ulichanwa huko juu, basi unaombwa kujaza viti.

Nilimwambia fundi kwamba kuna kikao kisichodai kadi wala rangi, mkutano mkuu wa mtaa, ambako mkazi yeyote mtu mzima anaweza kudai kusomewa mapato na matumizi. Akaniuliza wa mwisho ulifanyika lini. Nikabaki kimya. Akakanyaga cherehani yake, akaendelea na shati la kijani.