Wanafunzi wa afya wakifunzwa pamoja, mgonjwa wa Lamu atafaidi nini?

Mgonjwa wa sukari anayetoka Faza au Kizingitini kuja hospitali ya Lamu mjini hupanda boti, hupanga foleni, na hadi adhuhuri huwa ameshasemeshwa na watu wanne. Tabibu kamwambia dawa aimeze baada ya kula. Muuguzi kasisitiza asiruke dozi. Wa lishe kampunguzia wali wa nazi na mahamri. Kwenye dirisha la dawa kapewa bahasha iliyoandikwa 1x3. Wote wamesema kweli. Lakini Ramadhani ikiingia naye amefunga, hiyo mara tatu ataigawa vipi kati ya futari na daku? Wanne hao, kila mmoja alidhani mwenzake ameshalieleza. Na kuna vidonge vya sukari ambavyo ukivimeza kisha ukashinda na njaa, sukari hushuka hadi ukaanguka.

Hapo ndipo wanaotaka wanafunzi wa utabibu, uuguzi, famasia na lishe wafunzwe pamoja wanapopata nguvu. Shirika la Afya Duniani liliutetea mtindo huo katika mwongozo wake wa 2010: wanafunzi wa taaluma mbili au zaidi wajifunze pamoja, kutoka kwa wenzao na kuhusu wenzao. Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, kilikuwa kimeuanza tangu 1986.

Faida ninayoiona mimi ni ndogo kuliko inavyotangazwa, lakini ni ya kweli. Ukimuuliza mzee wa Kiamu "Umeelewa?", atakujibu "Naam, daktari", kwa adabu tu. Ukimwambia, "Hebu nieleze, mzee, ukifika nyumbani utameza vipi?", mambo hufichuka: dawa ya presha anaimeza siku kichwa kikimuuma, na kisipouma anaiweka. Mwanafunzi wa famasia akilisikia jibu hilo pamoja na mwenzake wa uuguzi, wote wawili watajua pengo liko wapi, na atakayemfuata mgonjwa wodini hataanza upya wala kumpinga mwenzake.

Wanaopinga nao hawabahatishi. Mapitio ya 2013 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tafiti za afya, yalikusanya tafiti 15 kuhusu mafunzo haya: saba zilionyesha matokeo mazuri, nne mchanganyiko, nne hazikuona tofauti yoyote. Zaidi ya hayo, timu kuelewana si sawa na mgonjwa kuelewa. Mara nyingi "kufunzwa pamoja" huishia kuwajaza watu ukumbi mmoja kusikiliza mhadhara uleule, wa utabibu wakauliza maswali, wa lishe wakaandika tu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni faragha, na sioni likizungumzwa. Lamu ni mji wa vichochoro, watu wanajuana hadi ukoo. Mama aliyekuja kwa shida ya uzazi wa mpango akizungukwa na wanafunzi watano kitandani, mmoja wao mtoto wa jirani, hatauliza kitu. Atatikisa kichwa, aende zake. Hapo mafunzo yamemnyima hata lile swali moja ambalo angemuuliza muuguzi peke yake.

Kwa hiyo nakubali wafunzwe pamoja, ila wawili wawili, na kwenye kliniki, si ukumbini. Tena waongezwe wahamasishaji wa afya ya jamii, wale ambao serikali iliwatuma nyumba kwa nyumba mwaka 2023, takriban 100,000 nchi nzima. Hao si wanafunzi, ndiyo maana husahaulika; lakini ndio wanaofika jikoni kwa mgonjwa na kusema lugha yake. Wanafunzi wengi hupangiwa chuo kutoka bara, na lahaja ya bibi wa Siyu inaweza kuwashinda kuliko jina la dawa.

Kliniki ya sukari wiki chache kabla ya Ramadhani ingefaa kuanzia. Alama zitolewe kwa yale mgonjwa anayoweza kuyasimulia mwenyewe akitoka dirishani, si kwa ufasaha wa mwanafunzi. Mgogoro utakuja kwenye karatasi: wauguzi wana baraza lao, maafisa wa kliniki lao, wafamasia bodi yao, na kila mmoja ana daftari lake la kutiwa sahihi mazoezi ya hospitalini. Zamu ya pamoja isipohesabiwa katika madaftari yote, mwanafunzi anayesaka sahihi kabla ya mtihani ataikwepa, na sitamlaumu.